Maji ya Upenuni

Siku katapila lilipoingia shambani kwa akina Geraghty, Mzee Malachy alisusa chai. Hakugomba wala hakulalamika. Alisogeza kikombe kando, akasimama dirishani akaangalia lile dude la manjano likipita kwenye lango alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Lilikwaruza nguzo moja, likaendelea na safari zake kama vile nguzo haina mwenyewe.

"Kunywa, bwana. Chai haijakukosea kitu," mkewe Delia alimwambia.

"Wamekwaruza nguzo."

"Nguzo itang'olewa mwezi ujao. Na lango. Na nusu ya shamba. Kunywa chai."

Barabara ya kijiji cha Knockalarra ilikuwa inanyooshwa. Kona yake ilikuwa imeua watu saba tangu Delia aolewe, kwa hiyo hakuna mtu aliyethubutu kusimama mbele ya wenzake akasema kona iachwe. Halmashauri ilipima, ikapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu, ikaandika barua za kununua ardhi. Lakini kabla ya lami ilibidi watangulie watu wa mambo ya kale. Sheria ya nchi ile haikubali barabara ipite juu ya kitu kisichojulikana. Wao huchimba mitaro ya majaribio, mirefu na myembamba, huku na kule shambani, waone kama chini kuna chochote cha wahenga. Kikiwapo kinatolewa kwa adabu. Kisipokuwapo, lami inashuka.

Mitaro ilikuwa thelathini na miwili. Delia aliihesabu kwenye ramani waliyoletewa, na kidole chake kikagota kwenye mtaro wa kumi na tisa. Huo ulikatiza katikati ya Lisheen.

Lisheen ni duara la tuta la udongo lililoachwa na watu wa kale, lina mti mmoja wa miiba, na limezungukwa na tope ambalo hata mwezi wa nane humeza mguu hadi kwenye kifundo. Hakuna aliyewahi kulima pale. Ndipo walipolazwa watoto waliokufa kabla ya ubatizo, kwa kuwa padri wa zamani hakuwataka makaburini. Kanisa lilisema watoto wale hawana kosa, ila mbinguni hawana nafasi. Baba ndiye aliyembeba mtoto, peke yake, jua likishazama, sanduku kwapani. Mama alibaki kitandani. Asubuhi watu walikunywa uji wakazungumza habari za ng'ombe.

Delia naye alikuwa na mtoto wake pale. Miaka hamsini na minne iliyopita, mwezi wa pili, alizaa mtoto wa kike ambaye hakulia. Mkunga alimwondoa haraka, na Delia hakuona zaidi ya nywele nyeusi zilizolowa. Kupitia ukutani alimsikia Malachy akipigilia misumari kwenye sanduku la siagi. Giza lilipoingia akatoka nalo. Aliporudi alinawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Nimemlaza na wenzake, upande wa mashariki wa mti." Sentensi hiyo moja ndiyo mazishi yote aliyoyapata mtoto yule, na hawakuwahi kuongeza nyingine juu yake. Hata Fintan, mtoto wao pekee aliyefuata, hakujua kwamba alitanguliwa.

Sasa kanisa limebadilika. Padri mpya ni kijana, anaendesha baiskeli, na amekwisha kuwabariki watoto wa namna hiyo katika parokia nyingine. Delia alikuwa na kaburi lake tayari kwenye makaburi ya parokia, limelipiwa. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajalitumia: binti yake aokotwe kutoka Lisheen awekwe humo, amtangulie. Mtaro wa kumi na tisa ukimkosa, lami ingempita juu, na malori ya maziwa, na basi la shule, milele na milele.

*

Siku ya pili alibeba birika na mkate wa magadi wenye siagi, akawafuata shambani. Msimamizi wao alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, jina lake Sorcha, ametapakaa matope hadi kwenye nyusi. Katapila lake halikuwa na meno. Lilikuwa na ndoo bapa iliyokwangua udongo kidogo kidogo, na nyuma yake vibarua watatu walifuata wamepiga magoti, kila mmoja na mwiko wake wa mwashi.

"Mnatafuta dhahabu?" Delia alitania.

"Tukiipata nitakutenga fungu lako, bibi. Tunatafuta rangi tu." Sorcha alichuchumaa, akaparuza chini kwa mwiko. "Ona udongo huu wa manjano. Huu ni wa tangu dunia iumbwe. Mtu akichimba shimo akalifukia, hata iwe miaka elfu tatu iliyopita, udongo haukubali kukaa tena ulivyokuwa. Unabaki na doa. Ardhi ikishachimbwa mara moja haisahau."

"Na mifupa je?"

"Udongo wa huku mchachu. Mifupa midogo huila yote."

Delia akajitia kupanga vikombe. "Kwa hiyo tuseme mtoto mchanga. Mfano tu. Hamtakuta kitu."

Binti yule alifuta mwiko wake kwenye suruali, akamtazama mwanamke huyu mzee aliyekuja na mkate. "Tutakuta doa, bibi. Doa dogo. Na misumari, kama palikuwa na sanduku."

"Mkate huo uleni ungali na moto," Delia alisema, akaondoka. Njia nzima aliisikia misumari ile ukutani, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa minane. Usiku ule wa kuzaa aliihesabu kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya.

*

Alhamisi Fintan alikuja kutoka mjini na karatasi za halmashauri ndani ya bahasha ya kahawia. Malachy alikuwa amesaini zote isipokuwa moja. Iliyobaki ilikuwa ya nyumba ya zamani.

Nyumba hiyo ilisimama hatua thelathini nyuma ya jiko la sasa. Ndimo walimoanzia maisha, mpaka Fintan alipofikisha miaka sita wakajenga hii mpya. Sasa ilikuwa zizi la madume mawili ya ng'ombe na kaburi la matrekta. Bati lake lilikuwa na kutu, na ukuta wa nyuma ulikuwa kijani kwa ukungu, kwa sababu haikuwahi kuwekwa gata ya kukinga maji ya mvua. Knockalarra mvua hainyeshi, inaishi pale. Kila paa lina gata, hata banda la kuku la Attracta, dada yake Malachy. Nyumba hii peke yake iliachwa iteme maji chini, usiku na mchana, nje ya dirisha la chumba alicholala Delia.

Mwaka ule wa kwanza baada ya mtoto, Delia aliamini ni vidole. Tap. Tap. Mtoto anabisha afunguliwe. Alijiziba masikio kwa pamba, akasali rozari hadi asubuhi, na hakumwambia mtu, maana mwanamke aliyesema mambo kama hayo wakati ule alipelekwa mahali pabaya. Aliomba gata tu. Aliomba kwa upole, akaomba kwa machozi, mwisho akanunua mwenyewe kwa fedha za mayai. Malachy akairudisha dukani, akaja kumwekea fedha zake mezani, moja juu ya moja. Siku hiyo walitukanana hadi Attracta akasikia kwake. Majirani walicheka miaka: Malachy anangoja mvua iishe ndipo aweke gata.

Tangu wahamie nyumba mpya, Delia hakukanyaga tena nyuma ya ukuta ule. Mumewe ndiye aliyekwenda. Mvua ikinyesha sana alichukua kofia akatoka, akasimama kule nyuma dakika kumi, robo saa, akarudi amelowa.

"Kibofu," Delia aliwaambia watu. "Ana choo ndani, lakini anapenda cha ujana wake."

"Baba, saini," Fintan alisema sasa. "Wameongeza yuro elfu nne. Kwa zizi! Unajua bwana mthamini aliandika nini? Kaandika, 'banda bovu, halina hata gata.' Nilitamani ardhi inimeze. Nilisimama pale kama mtoto wa walevi."

"Barabara ipinde."

"Barabara inanyooshwa, baba. Ndiyo kazi yenyewe. Haiji hapa kupinda."

"Basi ipite mimi nikiwa humo ndani."

Fintan alimgeukia mama yake. "Mama, mwambie. Jumatatu wanabomoa, asaini asisaini. Tofauti yake ni kwamba asiposaini tutapelekwa mahakamani na Knockalarra nzima itakuja kukaa viti vya mbele."

"Mimi gata tu nimemwomba miaka hamsini," Delia alisema. "Unadhani atanisikiliza kwa nyumba?"

Malachy alitazama mikono yake. Alikuwa na miaka themanini na moja na mikono ile ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini siku ile ilitulia kabisa mezani.

*

Ijumaa mchana Sorcha alibisha mlangoni. Alivua gambuti nje akaingia na soksi, jambo lililompendeza Delia, kisha akaweka mezani mfuko wa plastiki wenye namba. Ndani yake mlikuwa na mawe meupe ya mtoni, kila moja na ukubwa wa yai la njiwa.

"Samahani kuwasumbua. Tumeyakuta Lisheen, mashariki ya mti, yamerundikwa vizuri. Si ya kale, mengine hata hayajaota ukungu. Nataka kuandika ripoti na sijui niseme nini. Yako hamsini na…"

"Hamsini na manne," alisema Delia.

Fintan aliacha kutafuna. Malachy, aliyekuwa amekaa kando ya jiko, hakuinua kichwa.

"Ni yangu, mwanangu. Moja kila mwaka."

"Mama, mawe ya nini?" Fintan alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeogopa kwamba mzazi wake ameanza kupotewa na akili mbele ya wageni.

"Ya dada yako."

"Dada yangu yupi? Sina dada."

"Unaye. Yuko Lisheen. Funga mdomo, chakula kinaonekana."

Malachy alisimama, akachukua kofia, akatoka. Waliusikia mlango wa zizi. Nje hata mvua haikuwapo.

Sorcha alikuwa bado amesimama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta barua bila kujua imeandikwa nini. "Bibi, tumepata makaburi madogo kumi na moja. Yote upande wa magharibi, yote ni ya zamani mno. Chini ya mawe yako…" Alisita. "Afadhali uje uone mwenyewe."

Walikwenda watatu. Tope liliwafika kwenye vifundo, likamnyang'anya Fintan kiatu chake cha mjini. Ndani ya duara, mtaro ulikuwa umepanuliwa mita nne kila upande pale mawe yalipokuwa, na chini yake udongo wa manjano ulikuwa umekwanguliwa ukawa sawa, mtupu kabisa.

"Hapa hapajachimbwa," Sorcha alisema polepole. "Tangu dunia iumbwe, bibi. Hakuna aliyewahi kuchimba hapa."

"Labda ni pale pembeni."

"Tumepanua mara mbili. Na upande ule pia. Samahani sana."

Delia alitazama pale alipopiga magoti mara hamsini na nne. Palikuwa na udongo tu, uliozaliwa udongo ukabaki udongo. Akashika mkono wa Fintan, na alipoinamisha kichwa akaviona viatu vyake mwenyewe, vyeusi kwa tope la Lisheen hadi juu.

Hapo akakumbuka viatu vya Malachy. Usiku ule, baada ya kunawa, alivivua akavipanga kando ya jiko, na mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Delia alivitazama hadi mapambazuko kwa kuwa hakuweza kuutazama ukuta. Vilikuwa na udongo kidogo kwenye nyayo, lakini tope jeusi halikuwapo. Mwezi wa pili, katika mvua ya wiki nzima, mumewe alikuwa amerudi kutoka Lisheen na viatu visivyo na tope lake, na yeye alivitazama usiku kucha asivione.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Hii ilikuwa na miaka hamsini na minne.

*

Delia alimkuta Malachy ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye chumba kilichokuwa chao. Dume moja lilikuwa linajikuna kwenye kizingiti. Delia hakuwa ameingia humo kwa muda mrefu sana, akashangaa kuona jinsi chumba kilivyokuwa kidogo.

"Yuko wapi?"

Malachy aliendelea kulitazama lile dume.

"Malachy Geraghty. Umenipigisha magoti kwenye udongo mtupu. Umeniona nikitoka na jiwe mkononi kila mwaka, ukanifungulia lango! Mtoto wangu yuko wapi?"

Mzee aliinua kidole akaelekeza dirishani. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao, lakini Delia alijua kilichokuwa nje yake.

"Upenuni," alisema.

Delia aliketi juu ya ukingo wa hori.

"Nilifika langoni pa Lisheen," Malachy alisema. Maneno yalikuja moja moja, kama yaliyotolewa kwenye kisima kirefu. "Nikasikia lile tope. Nikasema, simtii humu. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema, maji yanayoanguka kutoka paa la kanisa yanabatiza. Watu wa zamani walikwenda kuwazika hapo kwa siri, ukutani, chini ya mchirizi. Lakini padri alikuwa na mbwa."

"Mbwa."

"Wawili. Basi nikawaza, nyumba yetu nayo ilibarikiwa. Padri aliinyunyizia siku ya harusi, kila chumba, hata zizi. Maji ya paa lake hayawezi kuwa maji tu. Nikamweka chini ya mchirizi, kina cha mkono. Nikasema, mvua ya Knockalarra, hata Mungu akiwa mgumu vipi, kuna siku moja itamtosha."

Dume liliacha kujikuna.

"Ndiyo maana hukuweka gata."

"Ningewekaje?"

"Mimi nililala hapa! Hapa, Malachy! Nikaisikia ile tap, tap, nikadhani ni yeye anabisha. Nilidhani nimeingiwa na wazimu. Nilidhani ni mtoto wangu, yuko nje kwenye baridi, anataka kuingia."

"Ndiye," Malachy alisema. "Alikuwa yeye."

Delia alimpiga. Hakuwahi kumpiga maisha yake yote. Kofia ilianguka kwenye samadi na hakuna aliyeiokota. Alimchukia kwa moyo wote, mzee huyu mwenye masikio makubwa, aliyemwacha peke yake na sauti ile huku akijua inatoka wapi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemfukua."

Ni kweli. Angemfukua kwa kucha usiku uleule.

"Halafu ukaanza kwenda Lisheen," mumewe aliendelea. "Ulirudi umetulia. Nikasema, nitakuambia Fintan akizaliwa. Akizaliwa Fintan nikasema akitembea. Kila mwaka neno lilizidi uzito. Jana nilipowaza Jumatatu na lile katapila… nilitaka kusema, Delia. Ulimi haukuinuka."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Delia alisimama, akapangusa sketi. "Inuka," alisema. "Utanionyesha kwa mkono wako, mbele ya yule binti. Na ukikosea hata inchi moja, usiku wa leo unalala na madume."

*

Hakukosea. Nyuma ya ukuta, matone ya miaka yote yalikuwa yametoboa mstari wa vishimo ardhini, vimejipanga sawasawa chini ya ukingo wa bati, na pale mbele ya dirisha mstari ulikuwa umezama zaidi. Hakuna mtaro uliopangwa upande ule. Katika ramani ya Sorcha palikuwa pameandikwa "jengo, litabomolewa".

Sorcha alipiga simu tatu. Alieleza kwamba kaburi la karibuni namna hiyo lazima polisi ajulishwe na daktari wa serikali aridhie, na kwamba Jumatatu haitabomolewa nyumba wala banda la kuku hadi yeye aseme. Mtu wa halmashauri alipiga kelele kwenye simu. Fintan aliomba simu hiyo. Delia alidhani atasema habari ya zile yuro elfu nne.

"Mimi ni Fintan Geraghty," alisema. "Dada yangu yuko hapo. Subirini." Akakata. Kisha akaenda kusimama nyuma ya trekta bovu, na mabega yake yakatikisika kwa muda.

Jumamosi polisi alikuja, akavua kofia, akasimama penye kona asiwaingilie. Katapila hawakulileta. Sorcha alifanya kazi hiyo mwenyewe, amelala kifudifudi juu ya ubao, kwa mwiko na brashi. Delia alikalishwa kwenye kiti cha jikoni. Malachy alikataa kiti. Alisimama palepale aliposimama siku zote, na Delia akaona ardhi ilivyokuwa imebonyea kwa viatu vyake.

Karibu na saa nane doa likatokea. Lilikuwa jeusi kidogo kuliko udongo mwingine, lina pembe nne, na urefu wake haukuzidi mkono wa mtu mzima kutoka kiwikoni. Sorcha alihesabu misumari kwa sauti kadiri alivyoikuta, na Delia alihesabu pamoja naye bila sauti. Wa nane ulipotoka waliacha kuhesabu wote wawili.

"Mifupa hakuna," Sorcha alisema. "Nilikuambia, bibi. Lakini ona hapa." Aliweka kwenye kiganja chake vifungo vinne vidogo vyeupe.

Delia aliviangalia, akamgeukia mumewe. "Shati lako la harusi!"

"Nilimfunga nalo. Blanketi lilikuwa moja, ulikuwa umejifunika wewe."

"Nilisema dada yako kaliiba! Attracta! Sikusema naye miaka mitatu kwa ajili ya shati hilo. Kila Krismasi namtazama nasema moyoni, mwizi."

"Najua."

"Ulijua ukaacha!"

Polisi aligeukia upande wa pili akakohoa.

Ndipo mvua ikaanza. Ilianza kama inavyoanza kule, bila kuaga, nyepesi, kisha bati likapata sauti. Sorcha aliruka akaita turubai, upesi, maana doa likilowa linafutika. Vibarua wawili wakaja mbio wakilikunjua. Fintan alifungua mwavuli juu ya mama yake.

"Ngojeni," alisema Delia.

"Bibi, litapotea. Sijapiga hata picha ya mwisho."

"Dakika moja tu, mwanangu. Moja."

Alisukuma mwavuli pembeni, akainuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye matope mbele ya doa lile. Juu yao maji yalikuwa yanajikusanya kwenye ukingo wa bati, yakavimba, yakasita. Tone la kwanza likaanguka. Tap. Delia alikuwa ameisikia sauti ile maisha yake yote, na hii ndiyo mara ya kwanza alipoona mahali inapoangukia.

"Ulimwita nani?" alimuuliza mumewe, bila kugeuka. "Ubatizo ni maji na jina. Ulimpa jina gani?"

Mvua ilikuwa inampitia Malachy masikioni hadi shingoni na hakuwa na kofia.

"Sikumpa. Nilisema nitakungoja wewe. Nilikuwa nakuja hapa kumwambia angoje."

Delia alikuwa nalo. Alikuwa amelisema mara hamsini na nne mahali pasipo na mtu. Alinyoosha kiganja chini ya ukingo wa paa, akangoja kikajaa, akayaachia maji yale juu ya doa taratibu.

"Nuala," alisema. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ni mama yako."

Matone yaliendelea kushuka, moja baada ya jingine, na doa likaanza kulegea kingo zake, likichanganyika na udongo wa manjano. Sorcha alisimama na turubai mkononi, hakulitandaza.

Malachy alijaribu kupiga magoti naye akashindwa, ikabidi Fintan amshike kwapa. "Delia," alisema. "Umenisamehe?"

"Bado," alisema Delia. Alikuwa analia wazi, na hakujifuta. "Bado kabisa. Lakini gata ulifanya vyema kutoiweka."